Skana Haisomi: Anza na Lebo

"Fundi, skana imekufa."

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivyo, iwe zinatoka supamaketi ya Nakuru mjini, stoo ya mbolea, kaunta ya duka Kisumu au banda la kupakia maua kule Naivasha. Nami kabla sijafunga mkoba wa vifaa huuliza: imekataa kila kitu, au imekataa hicho ulichoshika mkononi? Kimya kidogo, kisha nasikia kwa mbali, tii! Imesoma chupa ya maji iliyokuwa mezani. Haijafa.

Kazi hii ya kutengeneza skana za msimbopau (barcode) na printa za lebo imenifundisha kuishuku lebo kwanza, kisha mipangilio, kisha waya, na skana yenyewe mwisho kabisa. Wenye mali huenda kinyume. Hununua skana mpya, tatizo linabaki palepale, na lawama inamwangukia keshia au karani kwamba hajui kuitumia. Hilo ndilo linaloniuma, maana nimeona watu wakikatwa mshahara kwa kosa la stika. Dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa jinsi watu wanavyonielezea, kuanzia zile za skana kunyamaza hadi zile za skana kulia na kuandika uongo. Za mwisho ndizo ninazoziogopa.

Majaribio ya dakika chache

Weka kwenye droo pakiti moja ya bidhaa ya kiwandani, unga au chumvi, ambayo unajua husomeka bila shida. Huyo ndiye hakimu wako. Skana ikiisoma pakiti hiyo na kuikataa lebo yako, mchawi ni lebo. Ikikataa zote mbili, chomoa skana ya kaunta jirani uichomeke kwenye tundu lilelile. Hiyo ya pili ikisoma, ya kwanza ina ugonjwa. Nayo ikikataa, angalia tundu au kompyuta.

Halafu fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, kama Notepad, usome lebo humo. Tarakimu zikitokea sawasawa, skana imemaliza kazi yake na tatizo liko kwenye programu ya mauzo au ya stoo. Hatua hii huchukua nusu dakika, lakini nimewakuta watu wameshinda siku nzima wakibadilisha waya kwa sababu waliiruka.

Taa inawaka, hakuna mlio

Skana haisomi zile nambari zilizoandikwa chini ya mistari ya msimbopau. Inatupa mwanga, mistari myeusi inaumeza, nafasi nyeupe zinaurudisha, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa tarakimu. Kitu chochote kinachofifisha tofauti hiyo huleta kimya.

Rangi ni kosa ambalo halionekani kwa jicho la kawaida. Kikundi cha kina mama wa Busia wanaosindika siagi ya njugu waliniletea katoni nzima iliyorudishwa na duka moja. Lebo yao ilipendeza kuliko nyingi za viwanda vikubwa, ila aliyeichora aliipiga mistari wekundu uleule wa jina la bidhaa, juu ya karatasi nyeupe. Nilichukua ganda la peremende, ile plastiki nyekundu inayopenya mwanga, nikamwambia mwenyekiti wao, "Mama, hebu itazame lebo kupitia hapa." Akaliweka jichoni, akanyamaza, akampa mwenzake. Mistari yote ilikuwa imetoweka. Skana nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na wino mwekundu huurudisha mwanga huo sawa na karatasi nyeupe inavyoufanya. Kwa skana, lebo ile ilikuwa karatasi tupu. Tumia mistari myeusi, ya buluu nzito au ya kijani kizito. Wekundu unaweza kubaki kama mandhari ya nyuma, kwa sababu hiyohiyo.

Kosa la pili ni kuubana msimbopau. Kila upande unahitaji nafasi tupu ili skana ijue mwanzo na mwisho uko wapi. Kwa ule wa tarakimu 13 tunaouona madukani, ukichapwa kwa kipimo chake cha kawaida, nafasi hiyo ni kama milimita 3.6 upande wa kushoto na 2.3 upande wa kulia. Wachoraji wengi huiona ni nafasi inayopotea bure, wakaijaza ua, fremu au tarehe ya mwisho wa matumizi. Msimbo wenyewe, pamoja na nafasi zake, una upana wa milimita 37.29 na urefu wa 25.93 kwa kipimo cha kawaida. Unaruhusiwa kuupunguza hadi asilimia 80 na kuukuza hadi asilimia 200. Chini ya hapo unabahatisha.

Kwenye chupa nyembamba, mistari iliyosimama wima hujikunja pembeni na skana haiwezi kuiona yote kwa pamoja. Ilaze kama vidato vya ngazi. Plastiki inayong'aa hurudisha mwanga moja kwa moja hadi skana inapofuka. Iinamishe skana kidogo badala ya kuielekeza wima.

Kama lebo ni msimbo wa QR na skana yako ni ya leza ya zamani inayotoa mstari mmoja mwembamba, usihangaike. Leza hiyo haikuumbwa kusoma QR, na hata msimbopau ulio kwenye skrini ya simu itaukataa. Unahitaji skana ya kamera. QR ilibuniwa na kampuni ya Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na ina uwezo wa kujirekebisha ikichafuka: kuanzia kama asilimia 7 ya eneo lake hadi asilimia 30, kutegemea kiwango alichochagua aliyeitengeneza. Ukitaka kuweka nembo katikati, chagua kiwango cha juu, na ujue kwamba nembo hiyo inakula akiba ambayo ingekusaidia lebo ikichubuka.

Na kabla ya yote hayo, futa kioo cha skana. Husemwa kwamba jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na wakati wa kiangazi naliamini. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha. Shati la kazi lenye chembe za mchanga linakwaruza kioo, na mkwaruzo haufutiki.

Jana ilisoma, leo lebo hizohizo hazisomi

Hapa twende kwenye printa, na hapa nitakaa, kwa sababu printa ndiyo inayoharibu kazi nyingi na ndiyo isiyoshukiwa.

Chukua lebo, uikwaruze kwa ukucha. Ikitokea alama nyeusi, hiyo ni karatasi ya joto: haina wino, hujichoma yenyewe inapopita kwenye kichwa cha printa. Ni rahisi na inafaa kwa kitu kitakachouzwa leo au kesho. Iache juani nyuma ya pikapu kutoka Ahero hadi Kisumu, au iguse mafuta au spiriti, na mistari inaanza kupauka au karatasi nzima inakuwa kijivu. Ukiongeza weusi kwenye printa hutatibu ugonjwa huu. Kitu kinachokaa ghalani miezi kinahitaji printa ya utepe wa wino, ambamo wino huyeyushwa juu ya lebo.

Ukishakuwa na utepe, angalia aina yake. Wa nta ni wa lebo za karatasi. Ukiuchapa kwenye lebo ya plastiki utaonekana safi ukitoka, na kufikia jioni kidole kimeshaufuta. Plastiki inataka utepe wenye utomvu mgumu. Wino nao huwa upande mmoja tu, na printa nyingine hutaka uwe nje, nyingine ndani. Bandika kipande cha selotepu kwenye utepe, ukibandue: upande unaoacha weusi ndio unaotakiwa kuigusa lebo.

Mstari mweupe mwembamba ulionyooka, unaotokea mahali palepale katika kila lebo, una sababu mbili. Ya kwanza ni uchafu wa gundi kwenye kichwa cha printa. Zima printa, iache ipoe, pitisha pamba yenye spiriti ya isopropili taratibu kuelekea upande mmoja, ngoja ikauke. Usitumie kisu, wembe wala pini. Mstari ukirudi, basi kinukta kimoja cha kichwa kimeungua na hakitengenezeki, kichwa kinabadilishwa.

Lakini kama kichwa kipya hakipatikani hadi wiki ijayo, na malori yanangoja? Tazama mstari ule unaukata msimbo vipi. Ikiwa mistari ya msimbo inatoka kwenye printa kama uzio, imesimama kufuata mwendo wa karatasi, kinukta kilichokufa kinafuta mstari mmoja mzima na lebo imekwisha. Ukiuzungusha msimbo nyuzi 90, mistari ilale kama ngazi, ule weupe unaikata yote kwa mkupuo, na skana husoma juu yake au chini yake bila shida. Usiku mmoja Naivasha tuliendelea na zamu nzima kwa njia hiyo. Msimamizi alikuwa ameshawaambia vibarua warudi nyumbani, na wale walipwao kwa idadi ya vifungu vya maua wanavyofunga wangeondoka bila kitu. Punguza kasi ya printa ukifanya hivyo, kwa sababu mistari ya ngazi huvutika ikichapwa haraka.

Ukungu wa mshazari, kama mikunjo ya nguo, ni utepe uliojikunja: shinikizo la kichwa halilingani pande zote mbili. Printa ikiruka lebo moja kila baada ya kuchapa, au ikichapa nusu juu ya hii na nusu juu ya ile, sensa inayotafuta pengo kati ya lebo haijaijua rola mpya. Ipe amri ya kujipima upya, kazi ya sekunde chache.

Kuna kosa jingine ambalo sijakutana na fundi anayeanza aliyelifikiria. Printa ya nukta 203 kwa inchi hupiga nukta 8 katika milimita moja, hivyo kila nukta ni milimita 0.125. Mstari mwembamba kabisa wa msimbo wa kawaida ni milimita 0.33. Gawanya: unapata nukta 2 na sehemu, na printa haina nusu nukta. Mahali pengine itaweka 2, pengine 3, na uwiano wa mistari unavurugika. Ndiyo maana lebo iliyochorwa vizuri kwenye kompyuta kisha ikakuzwa kwa kuburuta pembe hutoka nyeusi, safi, na haisomeki. Weka upana wa mstari kwa nukta kamili: 3 kwenye printa hiyo, yaani milimita 0.375, au 4 kwenye ile ya nukta 300. Na ukiona lebo hafifu usikimbilie kupandisha joto hadi mwisho. Joto likizidi, mistari inanenepa na kumeza nafasi nyeupe.

Lebo zinabanduka kwenye chumba baridi

Maua yaliyokatwa huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Gundi ya kawaida haishiki kwenye ndoo iliyolowa umande, hata uisugue vipi. Bandika lebo kabla ndoo haijaingia, ikiwa kavu, au agiza lebo zenye gundi ya baridi. Skana nayo ikitolewa kule ndani na kuletwa kwenye joto hupata ukungu kwenye kioo na kunyamaza kwa dakika kadhaa. Iache ipate joto yenyewe. Kuipuliza kwa kikausha nywele, kama nilivyowahi kuona, huusukuma unyevu ndani zaidi.

Skana yenyewe

Kwa ufupi: kebo hukatikia shingoni pale inapoingia kwenye mpini, ikunje taratibu huku ukisoma pakiti ya hakimu, na ikiwaka na kuzima umeipata. Ya betri ikichoka husoma kwa karibu tu, kisha hujizima. Isiyotumia waya ikilia bila kuandika kitu, imepoteza kituo chake, kile kitako inachowekwa. Soma msimbo wa kuiunganisha ulio chini ya kituo. Na kama mtoto amechezea kitabu cha mipangilio akasoma msimbo usiojulikana, soma ule wa kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, halafu uanze upya.

Inalia, lakini kompyuta inasema bidhaa haipo

Msimbo wa tarakimu 13 una mlinzi ndani yake, tarakimu ya mwisho. Chukua 2012345012509. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: unapata 17. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: unapata 8, zidisha kwa 3, ni 24. Jumla 41. Kufika 50 inapungua 9, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Skana hufanya hesabu hiyo kila mara, na isipolingana hunyamaza. Kwa hiyo ikilia na kuleta tarakimu zote 13, karibu kila mara imesoma sahihi, na kulitafuta kosa kwenye skana ni kupoteza muda.

Nambari ile niliichagua makusudi. Zinazoanza na 20 hadi 29 ni za matumizi ya ndani ya duka, na mizani ya buchari huzitumia. Katika mfano huu 12345 ni aina ya nyama na 01250 ni uzito, kilo 1.250. Programu isiyofundishwa kuipasua nambari hiyo huitafuta yote nzima, haiipati, na mteja anaambiwa nyama haipo ilhali ameishika. Mpangilio wa tarakimu hutofautiana kati ya duka na duka, hivyo mizani na programu ya kaunta lazima zikubaliane.

Bidhaa za Kenya zilizosajiliwa hapa huanza na 616. Ukiorodhesha nambari hizo kwenye Excel bila kuifanya safu kuwa ya maandishi, utaona 6.16E+12, na zile zinazoanza na sifuri zitaipoteza. Ukiingiza orodha hiyo kwenye mfumo, umeua stoo nzima kwa siku moja. Bidhaa za Marekani nazo huwa na tarakimu 12. Skana moja ikiongeza sifuri mbele na nyingine isiongeze, kaunta mbili zitabishana juu ya sabuni ileile.

Herufi zikigeuka, kwa mfano @ ikawa alama ya kunukuu, lugha ya kibodi hailingani: skana imewekwa ya Marekani na kompyuta ya Uingereza, au kinyume. Herufi ndogo zikiwa kubwa, zima Caps Lock. Nambari ikiingia na kukaa pale bila kusonga, skana haitumi Enter mwishoni, na hilo hurekebishwa kwa kusoma msimbo mmoja wa mipangilio.

Msimbo wa katoni wenye jozi za tarakimu unahitaji tahadhari zaidi. Mwanga ukipita mshazari unaweza kusoma kipande chake na kulia kwa furaha, ukaleta tarakimu 8 badala ya 14. Iamuru skana ikubali tarakimu 14 tu kwa aina hiyo ya msimbo.

Tagi za redio

Kwenye mikebe ya maziwa ya alumini, tagi ya stika ya masafa ya juu sana (RFID ya UHF, inayosomwa kwa mawimbi ya redio) iliyobandikwa moja kwa moja haitasomeka, kwani metali huyavuruga mawimbi yake. Tumia tagi iliyotengenezwa kwa ajili ya metali, au weka kitu cha kuitenga. Maji nayo huyameza mawimbi hayo, hivyo katoni za maziwa zisomwe kabla hazijarundikwa. Ikisoma mno, hadi mizigo ya mlango wa pili, punguza nguvu ya antena. Hereni za ng'ombe ni jambo jingine: hutumia kilohezi (kHz) 134.2, haziogopi maji wala mwili wa mnyama, ila husomwa kwa karibu na huvurugwa na mota. Nambari yake ni ya tarakimu 15; ikianza na 404 ina alama ya nchi ya Kenya.

Kilo za mkulima haziko sawa

Katika vituo vya chai vya Kericho, Nandi na Vihiga, mizani hutuma uzito kwa Bluetooth hadi kwenye kifaa cha karani, ambacho kimeshasoma kadi ya mkulima. Hakuna tarakimu ya mlinzi kwenye uzito. Kosa likiingia, linaingia kimya, na anayelilipia ni mama aliyeshinda shambani tangu alfajiri.

Uzito wa mkulima aliyetangulia ukijirudia kwa anayefuata, kifaa kimekamata nambari ya zamani kabla mizani haijatuma mpya. Angalia kama programu inaruhusu kubonyeza kabla alama ya utulivu haijaonekana, na uizuie. Uzito ukibadilikabadilika, gunia linabembea; lishike litulie, uliachie, kisha ubonyeze. Vituo viwili vikiwa jirani, kifaa kinaweza kuunganishwa na mizani ya wenzako: ning'iniza gunia moja, utazame ni skrini ipi inayosonga. Kilo zikipungua kwa kiasi kilekile kila mara, chunguza uzito wa mfuko unaokatwa, labda ulikatwa kwenye mizani na tena kwenye programu. Rekodi zikikataliwa na mfumo jioni, tazama tarehe ya kifaa, kwani betri ikiisha kabisa saa hurudi nyuma.

Usifungue mizani yenyewe. Mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na fundi anayevunja muhuri huo amemwingiza mwenye kituo kwenye kesi.

Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, ning'iniza jiwe la mizani la kilo 10 mara tatu, na mara zote tatu soma kwenye kifaa, si kwenye mizani. Zikitofautiana, rudini kwenye daftari: karani aandike kwa kalamu, asome kilo kwa sauti, na mkulima aone nambari kwenye mizani kabla gunia halijashushwa.